Usonji: mtoto wa Palma bado hajaonekana kwenye filamu

Maji yakipwa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, watoto huteremka ufukweni na mama zao kuokota kombe. Fikiria mmoja wao, wa miaka 4, asiyeokota za kula. Anazipanga mstari mmoja mrefu, kubwa hadi ndogo, na ukiigusa moja analia mpaka jua lizame. Ukimwita jina hageuki, ingawa masikio yake ni mazima. Jirani atasema ana shetani. Hospitalini wataita autismo. Kwa Kiswahili ni usonji.

Si laana, wala hauambukizi. Ni namna ubongo ulivyoanza kukua tangu tumboni, na sehemu kubwa inatokana na vinasaba. Sauti, mwanga na mguso huufikia ubongo huo kwa nguvu tofauti: honi ya pikipiki inaweza kumuuma mtoto kama kofi. Ndiyo maana hushika mazoea yasiyobadilika, apate pa kutulia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji.

Ulimwengu uliujua zaidi kwa filamu ya Rain Man ya 1988, ambamo Dustin Hoffman aliigiza mtu mwenye kipaji cha ajabu cha hesabu. Aliyemchochea mwandishi wa filamu hiyo, Kim Peek wa Marekani, baadaye alionekana hana usonji. Hata hivyo wazazi bado wanaulizwa kipaji cha mtoto wao ni kipi, na wengi hawana cha kujibu. Vitabu navyo vimejeruhi. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim aliwatwisha akina mama lawama, eti upendo wao ulikuwa baridi. Sayansi imelikataa hilo kabisa.

Ninayoipenda mimi ni filamu ya 2020 iliyotokana na kitabu cha Naoki Higashida wa Japani, mwenye usonji na asiyezungumza kwa urahisi. Wapo wataalamu wanaohoji maneno ya kitabu ni yake kwa kiasi gani, lakini kamera ilifika hadi Freetown, Sierra Leone, kwa binti na wazazi wake, wanaosimulia jinsi watoto kama huyo wanavyoitwa mashetani. Utafiti wa pwani ya Kenya uliochapishwa 2015 uliyakuta maelezo hayohayo: pepo, uchawi, laana.

Palma kuna la ziada. Mji uliposhambuliwa na waasi Machi 24, 2021, watu walikimbilia porini na baharini. Kwa mtoto kama yule wa ufukweni, milio ya risasi, umati wa wageni na kulala kila siku mahali papya ni mzigo juu ya mzigo, na kilio chake mafichoni kinawatisha wenziwe.

Natamani filamu yake ichezwe kwa Kimwani, lugha ya nyumbani. Ianzie palepale ufukweni, bibi akiwa amechuchumaa na kikapu chake, maji yanaanza kujaa, naye anangoja mjukuu aweke kombe ya mwisho.