Betri Nzima, Friji Haikai: Volti Zinaishia Wapi?

Msomaji mmoja wa Arusha, mwenye gari la kambi lililotengenezwa juu ya Land Cruiser, ametuletea swali ambalo naamini madereva wengi wa safari wanalo. Friji yake ya volti 12 imefungwa nyuma kabisa ya gari. Mchana, injini ikiwaka, inagandisha bila shida. Usiku kambini, injini ikishazimwa, friji inawaka sekunde chache, inazima, inakaa kimya, inawaka tena, inazima tena, hivyo hivyo mpaka asubuhi. Fundi alipima betri akakuta volti 12.6, akashauri inunuliwe mpya hata hivyo. Imenunuliwa, imefungwa, na friji haijabadilika. Anauliza: je, friji ndiyo mbovu?

Sidhani. Ninaishuku njia inayoleta umeme kwenye friji, na hasa maungio yake. Betri hufanyaje kazi, ampea ni nini, paneli ya sola ichaguliweje, hayo mwenye gari la namna hii ameshayazoea, nayaacha. Ninalotaka tulitazame kwa makini ni jambo moja, nalo kwangu ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika umeme: ukinzani hauonekani mpaka mkondo upite.

Fikiria nyumba yenye tangi la maji juu ya mnara. Bomba linashuka, linapita ukutani, linafika jikoni. Mahali fulani kwenye kona, chumvi ya maji ya kisima imejigandisha ndani ya bomba kwa miaka hadi tundu limebaki dogo. Sasa funga kipima shinikizo jikoni, koki ikiwa imefungwa. Kitasoma shinikizo kamili la tangi, kana kwamba bomba ni jipya. Maji yaliyosimama hayasuguani na chochote, kwa hiyo kona ile haiyapunguzii kitu. Fungua koki, na hapo hapo mshale unaanguka, kwa sababu maji yanayokwenda lazima yajipenyeze pale penye chumvi, na shinikizo linatumika kwenye kona badala ya kufika jikoni. Funga koki, mshale unapanda tena. Sasa tuseme koki hiyo ina springi inayojifunga shinikizo likipungua na kujifungua likirudi. Itafunguka, shinikizo litaanguka, itajifunga; shinikizo litarudi, itafunguka tena; usiku kucha. Na fundi bomba akija wakati koki imefungwa, atapima, ataona shinikizo zuri, ataondoka akisema nyumba haina tatizo.

Friji ya msomaji wetu ndiyo koki ile. Friji hizi zina kidhibiti kinachozima kompresa volti zikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mara nyingi kati ya volti 10 na 11 na ushee, ili betri isinyonywe ikafa. Kompresa ikiwaka inavuta mkondo, mkondo unakutana na ukinzani, volti zinashuka, kidhibiti kinakata. Kompresa ikizima mkondo unakoma, na volti zote zinarudi palepale. Dalili inajifuta yenyewe dakika ileile unayoinama kuitafuta.

Tuweke tarakimu. Kanuni ni ile ya Mjerumani Georg Ohm, aliyoichapisha mwaka 1827: volti zinazotumika kwenye kipande chochote cha njia ni mkondo mara ukinzani wa kipande hicho. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ambao mafundi wengi huuvuta kwa sababu ni uleule wa taa za nyumbani, una ukinzani wa takriban omu 0.012 kwa kila mita. Friji ikiwa mita 6 kutoka kwenye betri, umeme unasafiri mita 12 kwenda na kurudi: omu 0.15 hivi. Kompresa ikivuta ampea 5, volti 0.7 zimeishia kwenye waya. Ongeza kiungio kimoja kilichooza chenye omu 0.2: volti 1 nyingine. Betri inayotoa volti 12.4 ikiwa kazini, friji inapata 10.7. Mchana alteneta inasukuma karibu volti 14, kwa hiyo hata baada ya makato hayo friji inabaki na zaidi ya 12, na hakuna anayegundua kitu.

Na mita ya fundi je, hata angepimia kwenye waya za friji wakati imezima? Mita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa ndani wa omu milioni 10. Zikipima volti 12 zinavuta mkondo mdogo mno, ampea moja na ushee kwa milioni. Mkondo huo ukipita kwenye kiungio kilekile kibovu, volti zinazopungua hazifiki hata moja kwa milioni. Mita inasema kweli: pasipo na mkondo, hakuna kilichopungua.

Nyumbani kwenye volti 230 hili halitusumbui. Volti moja ikipungua kati ya 230, nani ataijua? Kati ya 12, hiyo ni sehemu moja ya kumi na mbili. Tena kifaa cha wati 60 kinachovuta robo ampea nyumbani kinavuta ampea 5 ndani ya gari.

Hapa niseme neno kuhusu msamiati, kwa sababu unaelekeza mikono ya fundi. Gereji zetu nyingi huita kila hitilafu ya umeme "shoti". Shoti ni umeme kupata njia ya mkato yenye ukinzani mdogo mno, nayo hukata fyuzi. Hitilafu yetu ni kinyume chake: ukinzani umezidi, na fyuzi haikatiki kamwe. Anayetafuta shoti atakagua waya zilizochubuka na hatagusa maungio. Mimi naiita mshuko wa volti. "Upotevu" silipendi, maana volti hizo hazikupotea. Zimetumika mahali pasipotakiwa, na mahali hapo panapata joto. Kiungio chetu cha volti 1 kwa ampea 5 kinatoa wati 5 za joto. Ukikishika baada ya dakika kadhaa, unaweza kukikuta na uvuguvugu.

Kifungue ukitazame. Nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi, penginepo unga wa kijani, na plastiki ya klipu imeanza kuwa kahawia. Barabara za changarawe ndizo zinazofanya kazi hii. Kila mtetemo unasugua klipu dhidi ya pini kidogo sana, unakwangua metali ya juu, hewa inashika pale palipokwanguliwa, na oksidi inayozaliwa haipitishi umeme vizuri. Vumbi la magadi la upande wa Ziwa Natron likipata unyevu linaongeza kasi ya kuoza.

Dawa ni kupima friji ikiwa inafanya kazi. Kama inajizima upesi, tumia taa kubwa ya volti 12 mahali pake ili mkondo uendelee. Weka mita kwenye volti, kisha shika ncha zake mbili pande mbili za kitu kimoja: nguzo ya betri na tamino iliyoikaza; kisha upande huu na ule wa fyuzi; kisha kila kiungio. Penye afya mita itasoma karibu sufuri. Penye ugonjwa itasoma nusu volti, au volti nzima. Fanya hivyo pia upande wa hasi, hadi pale waya ulipofungwa kwenye bodi ya gari, kwa sababu umeme lazima urudi, na bolti iliyopakwa rangi ni adui wa kawaida. Jumla ya mishuko yote pamoja na volti za friji ni sawa na volti za betri, bila kubaki hata sehemu. Gustav Kirchhoff aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1845, akiwa mwanafunzi wa miaka 21.

Volti zikianguka kwenye nguzo za betri zenyewe, basi betri ndiyo mgonjwa. Na kama gari lina inveta, upande wake wa volti 230 usiuguse.

Ukishapata pabaya, kata, piga msasa, bana klipu mpya kwa koleo lake, na vuta waya wa milimita za mraba 6: mshuko wa njia nzima unashuka hadi volti 0.2 hivi, kwa gharama ndogo kuliko betri.

Kipimo hikihiki kinafaa taa ya mbele iliyofifia, na pampu ya sola kijijini. Kwenye starta ndiko kunakofaa zaidi: ikivuta ampea 200, omu 0.01 tu kwenye tamino inakula volti 2, na injini inakataa kuwaka. Kwa hiyo fundi akikutajia volti za betri, muulize kwanza: ulipopima, nini kilikuwa kinawaka?