Je, Wajua? Samaki Mwenye Maficho Ndiye Anayejitokeza

Watu wengi wanaonunua tangi la samaki huishia na lalamiko moja: wametoa fedha ili watazame samaki, na wanachokiona ni mawe na maji. Dawa ya haraka inayowajia ni kuyaondoa mawe yenyewe ili samaki akose pa kujibanza. Kesho yake wanamkuta kwenye kona nyuma ya hita, rangi imempauka na chakula hagusi. Kujificha ni tabia ya kawaida ya samaki. Kuna kujificha kwa afya na kuna kujificha kwa shida, na haya hapa yatakusaidia kutofautisha. Mengi yanatoka kwenye maziwa na bahari zetu wenyewe.

Je, wajua kwamba maficho mengi humfanya samaki aonekane zaidi?

Samaki mdogo hupima ujasiri wake kwa umbali wa kukimbilia. Akijua pango liko karibu, hutoka, hula, hugombana na jirani, na hurudi ndani pale tu kitu kinapomshtua. Tangi likiwa tupu, kivuli cha kila anayepita sebuleni huweza kuwa cha mdiria au korongo, na samaki hana la kufanya ila kuganda pembeni.

Wafugaji wazoefu wana ujanja wa pili. Huweka kundi la samaki wadogo watulivu wanaoogelea juu, kwenye uwazi. Waoga walioko chini huwaona wenzao wakirandaranda bila kukimbia, wakajua hakuna adui, nao hutoka.

Je, wajua kwamba kuna samaki wanaoishi ndani ya makombe ya konokono?

Ziwa Tanganyika, ambalo Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zinalichangia, lina kina cha mita 1,470. Duniani linazidiwa kina na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Ndani yake mna aina zipatazo 240 za samaki wa familia ya sato na perege, na karibu zote hazipatikani kwingine kokote. Mkubwa wao ni kuhe, anayeweza kufika sentimita 80. Wadogo kabisa, kama *Neolamprologus multifasciatus*, huishia kwenye sentimita 4 hivi, na nyumba yao ni kombe tupu la konokono *Neothauma*, ambaye naye ni wa ziwa hilo tu.

Samaki hawa hukaa kwa koo. Kila mmoja huwa na kombe lake, na mchana kutwa huchota mchanga kwa mdomo na kuusogeza ili mlango ukae apendavyo. Ukiwafuga bila makombe na mchanga, utaona samaki wanyonge waliojibana kwenye kona. Wape makombe mawili au matatu kwa kila samaki, nao watakuwa nje wakijenga.

Je, wajua kwamba dume anaweza kumzidi jike uzito zaidi ya mara 12?

Huyo ni *Lamprologus callipterus* wa ziwa hilohilo. Dume hubeba makombe kwa mdomo na kuyakusanya mahali pamoja, mengine akiyanyang'anya kwa majirani. Jike huingia ndani ya kombe, hutaga na kulinda mayai humo. Basi dume lazima awe mkubwa wa kutosha kulibeba kombe, na jike awe mdogo wa kutosha kuingia. Mwenye tangi akimkosa jike huyu kwa siku kadhaa, asianze kugeuza makombe kumtafuta, maana huenda yuko kwenye uzazi.

Je, wajua jinsi pono anavyolala?

Waswahili husema mtu amelala kama pono, na wavuvi wa pwani wana sababu ya kumtolea mfano samaki huyu. Usiku unapoingia, aina kadhaa za pono hujipenyeza kwenye matumbawe na kutoa ute unaowafunika mwili mzima. Watafiti waliochunguza ute huo kwenye Tumbawe Kuu la Australia walieleza mwaka 2010 kwamba pono waliovuliwa ute wao walishambuliwa zaidi na wadudu wanyonya damu kuliko waliolala nao. Kumbe pono hulala ndani ya chandarua.

Samaki wengine wa matumbawe huzama mchangani kabisa jua linapotua. Anayewafuga bila mchanga amewanyima kitanda.

Je, wajua kwamba taa ya ghafla humtisha samaki?

Samaki wengi hawana kope. Hawawezi kufumba macho taa inapowashwa chumba kikiwa giza, na ndiyo maana wengine huruka na kujigonga kwenye kioo. Washa kwanza taa ya chumba, subiri kidogo, kisha washa ya tangi. Saa 8 hadi 10 za mwanga kwa siku zinawatosha. Zaidi ya hapo utafuga mwani wa kijani. Mimea inayoelea juu huwapa kivuli, na samaki waliokuwa wakikaa chini ya jiwe hupanda wenyewe.

Je, wajua kwamba samaki anaweza kujifanya amekufa?

*Nimbochromis livingstonii* wa Ziwa Nyasa hulala ubavu chini ya maji, ngozi yake ya madoadoa ikimfanya aonekane mzoga unaooza. Samaki wadogo wakisogea kudonoa, huwanasa. Naye samaki wa Indonesia mwenye mistari myeusi na rangi ya chungwa, *Chromobotia macracanthus*, hulala ubavu akipumzika tu, na wanunuzi wengi wamepata hofu wakidhani wamepata hasara. Kabla ya kumtoa samaki kwa wavu, tazama matamvua yake. Yakifunguka na kujifunga kwa utaratibu, mwache apumzike.

Je, wajua kwamba anayejificha na kususa chakula anaweza kuwa mama?

Samaki wengi wa Ziwa Nyasa, na baadhi ya wale wa Tanganyika, huatamia mayai mdomoni. Jike huyabeba kwa wiki kama tatu, na katika aina nyingi hali chochote muda wote huo. Hutafuta mahali pa faragha, kidevu kimejaa, na huwakwepa wenzake. Ukimwona hivyo usimfukuze kwa wavu, kwa sababu akishtuka anaweza kuyatema mayai yote au kuyameza.

Katika Ziwa Tanganyika kuna tapeli wa malezi hayo: gogogo mmoja mwenye madoa meusi, *Synodontis multipunctatus*. Wakati mama anapotaga na kuokota mayai yake, gogogo hupita katikati na kuacha yake. Mama huyaokota yote. Vitoto vya gogogo huanguliwa mapema zaidi, kisha huwala watoto wa mwenye mdomo. Habari hii ilitangazwa mwaka 1986 na mtafiti wa Kijapani, Tetsu Sato.

Je, wajua kwamba kuna samaki anayeona kwa umeme?

Domodomo wa Ziwa Victoria ana ndugu anayefugwa sana Ulaya na Marekani: *Gnathonemus petersii*, anayepatikana katika Mto Kongo na mito ya Afrika Magharibi. Hutoa umeme mdogo sana na kwa huo hutambua kilichomzunguka gizani. Ubongo wake hutumia asilimia 60 hivi ya oksijeni ya mwili mzima. Wa binadamu hutumia asilimia 20. Ni samaki wa usiku, na mchana hutaka bomba au pango lenye giza. Mfugaji anayempa chakula saa sita mchana na kuzima taa saa mbili usiku anamlaza njaa, hasa wenzake wa mchana wanapokuwa wamekwisha kula kila kitu. Mpe chakula taa zikishazimwa.

Je, wajua kwamba jeraha la mmoja huwatisha wote?

Mwaka 1938 Karl von Frisch, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya nyuki, alieleza kwamba ngozi ya samaki fulani wadogo wa mtoni ikichanika hutoa kemikali majini. Wenzake wakiinusa hutawanyika na kujificha. Tabia hiyo iko pia kwa jamaa wa kambare, kwa tetra na kwa samaki wa dhahabu. Basi wavu unaokwaruza samaki mmoja unaweza kulifanya tangi zima lionekane tupu.

Sauti nayo husafiri majini mara nne zaidi ya kasi yake hewani, na samaki ana mstari wa ubavuni unaohisi kila mtikisiko. Mtoto anayegonga kioo kwa kidole, spika iliyowekwa juu ya meza ya tangi, mlango unaobamizwa karibu: vyote humfikia samaki.

Je, wajua kwamba samaki hutambuana kwa sura?

Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba *Neolamprologus pulcher* wa Tanganyika humtambua jirani kwa alama za usoni, na akiona sura ngeni humtazama zaidi kwa tahadhari. Ndiyo sababu samaki mpya hupata taabu. Wenyeji wamekwisha kugawana kila jiwe, naye hana lake. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na madume wawili kwenye tangi la lita 60 ni hivyohivyo.

Kuna dalili moja ya kuikumbuka. Samaki anayejificha chini, ndani ya pango, mara nyingi yuko nyumbani. Anayening'inia kwenye kona ya juu karibu na bomba la chujio, mapezi yamekunjwa na mkia umeliwa, amefukuzwa kila mahali. Unapoingiza mgeni, yapange upya mawe yote ili kila mmoja aanze kutafuta makao kwa pamoja. Kwa mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wafugaji huongeza idadi ya samaki na mawe pamoja na nguvu ya chujio, ili mbabe asimwandame mmoja hadi afe.

Je, wajua kwamba maji maangavu yanaweza kuwa sumu?

Hapa ndipo samaki wengi hufia. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki huoza na kuiongeza. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo huizuia damu isibebe oksijeni. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Kwenye tangi jipya bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga. Anayejaza maji leo na samaki kumi kesho atawaona wakijificha, kisha wakihema juu ya maji.

Ukali wa amonia hutegemea pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Katika nyuzi joto 25, kwenye pH ya 7 sehemu iliyo sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH ya 8 hufika kama asilimia 5, na kwenye pH ya 9, ambayo ndiyo hali ya Ziwa Tanganyika, hupita theluthi moja. Kwa hiyo samaki wa ziwa hilo humwadhibu mfugaji mzembe haraka kuliko samaki wa maji laini.

Badilisha robo ya maji kila wiki. Maji ya bomba yana klorini inayounguza matamvua. Huondoka maji yakikaa siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi, hasa yakipulizwa hewa. Pale maji yanapotiwa kloramini, njia hiyo haitoshi na inahitajika dawa ya kuiondoa. Sifongo ya chujio isuuze kwa maji ya tangi lenyewe, maana klorini huua bakteria wanaofanya kazi humo.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria hao hukosa oksijeni na kuanza kufa. Pampu ndogo ya hewa ya betri huokoa tangi, na chujio lililolala lisuuzwe kabla ya kuliwasha tena. Wakati wa joto kali hali ni ngumu zaidi: maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5.

Je, wajua kwamba dawa ya vidoa vyeupe haiui kidoa chenyewe?

Samaki anayejisugua kwenye mawe kisha akajificha huenda ana kimelea kiitwacho *Ichthyophthirius*. Vidoa vyake vyeupe mithili ya chumvi viko chini ya ngozi, dawa isikofika. Kimelea hufa pale tu kinapotoka na kuogelea kutafuta samaki mwingine. Anayeacha dawa siku vidoa vinapopotea huviona tena baada ya wiki moja. Kinga ni kumweka kila mgeni kwenye tangi lake peke yake kwa wiki mbili hadi nne.

Je, wajua kwamba huko Unguja yai ndilo linalojificha?

*Nothobranchius guentheri*, samaki mwenye rangi za kupendeza ambaye kwao ni Unguja, huishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wakubwa wote hufa, na mayai hubaki ndani ya tope hadi mvua ijayo. Ndugu yake *Nothobranchius furzeri*, wa Zimbabwe na Msumbiji, anaweza kupevuka siku 14 baada ya kuanguliwa. Wafugaji hutumiana mayai haya kwa posta ndani ya udongo mbichi.

Je, wajua samaki wa nyumbani anaweza kuishi miaka mingapi?

Tish, samaki wa dhahabu wa Uingereza aliyeshindaniwa kwenye maonyesho mwaka 1956, alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Huko San Francisco, kamongo wa Australia aitwaye Methuselah aliingia kwenye jumba la samaki la Steinhart mwaka 1938, na uchunguzi wa DNA uliotangazwa mwaka 2023 ulimkadiria miaka kama 92.

Je, wajua pa kuanzia samaki akijificha ghafla?

Neno la kuzingatia ni hilo: ghafla. Aliyejificha tangu mwanzo anataka muda, kivuli na pango. Aliyebadilika leo ana sababu ya leo. Pima maji kwanza, maana ndiyo yanayoua upesi. Kisha angalia joto na chujio. Baada ya hapo kaa mbali na tangi, utazame nani anamfukuza nani. Kagua ngozi na mapezi, kisha jiulize kama ni saa yake ya kulala au msimu wake wa kuatamia. Dawa iwe ya mwisho, baada ya kujua ugonjwa. Na ukikuta maji ni salama, anapumua taratibu, rangi imekolea na chakula anakifuata saa yake, usiguse kitu, wala usiliondoe jiwe lake.