Mlembe Hatafuti Haki, Anatafuta Nta

Ukambani, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Afrika zinazorina asali, mtoto huonywa mapema: ukimfuata ndege aitwaye mlembe mpaka kwenye nyuki, ukabeba asali yote bila kumwachia sega lake, safari ijayo hatakupeleka kwenye asali. Atakupeleka kwa chui, kwa simba au kwa nyoka. Onyo hili limedumu kwa sababu nusu yake ni kweli tupu. Mlembe yupo, anawaita watu, anawatangulia mti kwa mti, na mwisho wa safari mara nyingi huwa kuna nyuki. Nusu ya pili, ile ya adhabu, ndiyo inayodai uchunguzi, na kwa bahati njema utafiti uliofanywa Kenya, Tanzania na Msumbiji umetupa vya kutosha kuichunguza. Ninavyoona mimi, hadithi zote za ndege huyu, zilizo kweli na zisizo kweli, zina kipimo kimoja, nacho ni nta. Ukishajua mlembe anataka nini, unajua pia asichoweza kukitaka.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Mwaka 1989 jarida la Science lilichapisha kazi ya Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walioandamana na warina asali wa Kiborana kaskazini mwa nchi. Bila ndege, kupata kundi moja la nyuki kuliwachukua wastani wa saa 8.9. Walipofuata mlembe, saa 3.2. Waborana walidai pia kwamba ndege huyo husomeka: kadiri nyuki wanavyokaribia, anatua baada ya mwendo mfupi zaidi na kwenye matawi ya chini zaidi. Watafiti walipopima, wakakuta ndivyo hasa. Lakini takwimu yenye uzito kuliko zote katika kazi hiyo ni ile ya asilimia 96: karibu makundi yote ya nyuki yaliyopatikana yalikuwa mahali ambapo ndege asingelifikia sega hadi mtu apasue mti au jiwe na kutuliza nyuki kwa moshi. Mlembe mkubwa ana uzito wa gramu 50 hivi. Hana shoka wala moto. Anajua nyuki walipo, na mtu anajua kuwafungua.

Mtu akiondoka na asali yake, ndege anashuka kula majana na masega makavu. Wareno waliliona jambo hili zamani: João dos Santos, mmisionari aliyeishi Sofala, aliandika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1609 kuhusu ndege wadogo waliokuwa wakiingia kanisani kudonoa mishumaa. Hawakuwa wamekosea njia. Mshumaa wa wakati ule ulikuwa nta ya nyuki, na nta ni chakula chenye nguvu karibu sawa na mafuta ya kula. Tatizo ni kwamba karibu hakuna mnyama anayeweza kuifaidi. Mtu akimeza nta, inatoka karibu kama ilivyoingia.

Ili kuona ugumu wa kazi hiyo, fikiria sufuria iliyopikiwa nyama ya mbuzi jioni, ikalala jikoni bila kuoshwa. Asubuhi mafuta yameganda ukingoni, meupe na magumu, na maji baridi yanateleza juu yake bila kuyashika. Dawa ya kwanza ya kila mpishi ni maji moto, na hiyo mlembe hana: joto la mwili wa ndege ni kama nyuzi 41 za Selsiasi, ilhali nta ya nyuki haiyeyuki kabla ya nyuzi 62. Inaingia tumboni ikiwa ngumu na inabaki ngumu. Dawa ya pili ni kusugua, na kwa ndege kazi hiyo ni ya firigisi, ule mfuko wa misuli unaosaga chakula hadi kiwe chembechembe. Dawa ya tatu ni sabuni. Nyongo hufanya kazi ya sabuni barabara, kwa maana molekuli zake zina upande mmoja unaoshika mafuta na upande mwingine unaoshika maji, hivyo zinaizunguka kila chembe ya nta na kuifanya ielee badala ya kugandana na wenzake. Hapo ndipo vimeng'enya hupata pa kuanzia, kwa sababu vyenyewe vinaishi majini na haviwezi kuuma donge la nta ila kwenye uso wake. Chembe zikiwa ndogo na nyingi, uso wa kuuma unakuwa mkubwa. Dawa ya nne ni ile inayomtambulisha mwoshaji mzoefu: hamwagi maji ya kwanza yenye povu. Anayazungusha, anayarudisha pale penye mafuta, anasugua tena, wala hana haraka.

Hatua hizo hazijapimwa popote vizuri kama zilivyopimwa Amerika ya Kaskazini, kwa ndege mdogo ambaye hajawahi kuona mlembe. Wataalamu humwita Setophaga coronata, na anatambulika kwa doa la njano juu ya mkia. Ndege wa jamii yake hula wadudu, na majira ya baridi yakikaribia wengi huhamia nchi za joto. Huyu hubaki kaskazini zaidi kwenye pwani ya mashariki ya Marekani, akila vijitunda vya vichaka ambavyo ganda lake limepakwa nta. Mwaka 1992 Allen Place na Edmund Stiles walionyesha kwamba anafaidi zaidi ya asilimia 80 ya nta hiyo, na wakaeleza jinsi anavyofanya: nyongo yake ina chumvi nyingi kupita kawaida, chakula chenye nta hupita polepole, na kilichokwisha kuingia utumboni husukumwa nyuma hadi kwenye firigisi kikasagwe upya pamoja na nyongo. Maji ya sufuria yanarudishwa. Mlembe naye amethibitika kuwa mmeng'enyaji hodari wa nta, ingawa mchango wa bakteria wa tumboni mwake, ambao Mmarekani Herbert Friedmann aliutilia mkazo katika miaka ya 1950, bado unajadiliwa. Bara la Amerika ya Kaskazini lina mla nta wake, lakini halina ndege wa kumwongoza mtu, na sababu ni rahisi: nyuki wa asali hawakuwa wenyeji kule. Walipelekwa na walowezi kutoka Ulaya katika karne ya 17.

Sasa turudi kwenye adhabu. Mlembe anayemwongoza mtu anatumia muda na nguvu kwa kutarajia nta. Mlembe anayempeleka mtu kwa chui anatumia muda na nguvu zile zile, anapita karibu na mnyama mla nyama, kisha anarudi na tumbo tupu. Ndege wa tabia hiyo angepitwa na jirani yake asiye na kinyongo, na baada ya vizazi vingi kinyongo kingekwisha. Hiyo ni hoja ya kufikiri tu, lakini ushahidi wa kuiunga mkono upo kwa Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Mwaka 2014 Brian Wood na wenzake walieleza kwamba Wahadzabe mara nyingi hawamwachii ndege kitu. Wanakusanya masega yaliyobaki na kuyaficha, kuyafukia au kuyachoma moto kwa makusudi, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuwaongoza. Kama mlembe angekuwa hakimu, Wahadzabe wangekuwa wanakutana na simba kila wiki. Badala yake wanaendelea kupata asali kwa msaada wake, na asali ni sehemu kubwa ya chakula chao.

Mzee wa Ikutha, huko Kitui, anaweza kujibu kwamba amefuata mlembe na akamkuta nyoka kwa macho yake, na haitakuwa haki kumwambia ameota. Katika Hifadhi ya Niassa, Msumbiji, ambako watafiti wamefuatana na warina asali wa Kiyao kwa miaka, safari chache mno zimeishia kwa mnyama badala ya nyuki. Kwa hiyo tukio lenyewe ni la kweli. Ila tazama nyuki wa Kitui wanakaa wapi: kwenye uvungu wa mbuyu, kwenye shina kavu la mgunga, kwenye nyufa za miamba ya Mutomo. Koboko na chatu wanatafuta vyumba vile vile. Mtu aliyepelekwa kwenye shina lenye nyuki upande wa juu na nyoka upande wa chini atasimulia habari za nyoka maisha yake yote, na zile safari nyingine zilizompa asali hatazisimulia, kwa kuwa hazina cha kusimuliwa. Akikumbuka kwamba juma lililotangulia alichukua sega lote, hukumu imekamilika. Hakuna anayeuliza ni mara ngapi alichukua sega lote na lisitokee lolote. Swali hilo la pili ndilo tofauti kati ya kisa na ushahidi, na ndilo ambalo Wahadzabe wametujibia bila kukusudia.

Hadithi ya nyegere inapimwa kwa namna hiyo hiyo, na majibu yake si mepesi. Kwa zaidi ya karne mbili vitabu vimerudia kwamba mlembe humwongoza nyegere, nyegere akavunja mzinga, wakala pamoja. Wafugaji wa nyuki wanaotundika mizinga kwa waya ili nyegere asiifikie hawahitaji kushawishiwa kwamba mnyama huyo anapenda sega. Kwa kipimo cha nta ushirikiano huo unawezekana, kwani nyegere ana makucha ambayo ndege hana. Lakini timu iliyohoji karibu warina asali 400 katika nchi tisa za Afrika na kuchapisha matokeo mwaka 2023 ilikuta kwamba wengi, kama asilimia 80, hawajaona lolote la namna hiyo. Ila kwa Wahadzabe, zaidi ya nusu walisema wameona. Ninaegemea upande wa Wahadzabe, maana hao hushinda porini kimya kuliko mtafiti yeyote.

Kuna pingamizi moja la mwisho, nalo lina uzito: tukiwaambia vijana kwamba mlembe haadhibu, je, si wataacha kumwachia sega? Jibu liko kwenye malezi ya ndege huyu. Mama mlembe hutaga kwenye viota vya wengine, keremkerem na hudihudi wakiwamo, na kinda lake huzaliwa kipofu likiwa na ndoana kali mdomoni ambazo kwazo huwaua makinda wa mwenye kiota. Halimjui mzazi wake. Tabia ya kuongoza basi haifunzwi na mama, ila mwito wa watu lazima ajifunze kwa wenyeji. Claire Spottiswoode na Brian Wood walitoa ushahidi wa hilo mwaka 2023: milembe wa kwa Wahadzabe waliitikia mluzi wa Kihadzabe mara tatu zaidi ya mlio wa Kiyao, na wale wa Niassa waliuitikia mlio wa Kiyao karibu mara mbili zaidi ya mluzi wa Kihadzabe. Ndege mchanga anayesikia mwito na kisha asipate sega hata siku moja hana sababu ya kuushika. Sharti la wazee la kuacha sega linabaki na kazi, tena kazi ya kueleweka, bila simba yeyote.

Hatari ya kweli Kitui na Makueni ina sura nyingine. Magunia ya makaa yanakula miti yenye uvungu, jambo lililoifanya serikali ya Gavana Charity Ngilu kupiga marufuku biashara ya makaa Kitui mwaka 2018. Mizinga ya kisasa ya fremu nayo, iliyo bora kwa mauzo, hurudisha sega zima kwa nyuki baada ya asali kukamuliwa, na ndege hapati kitu. Mwito wa Wayao na wa Wahadzabe umerekodiwa na kupimwa. Ule wanaoutumia warina asali wa Ikutha, Nuu na vilima vya Chyulu unastahili vivyo hivyo wakati wanaoujua wangalipo, na kazi hiyo haidai zaidi ya simu ya mkononi na daftari: nani aliita, kwa mlio gani, ndege alikuja au hakuja, na safari iliishia kwenye nyuki au kwa nyoka, kila safari ikaandikwa, hata ile isiyo na cha kusimulia.