Kupanda Mlima Hanang bila gari: jinsi ya kupanga safari ya siku tatu

Wasikilizaji wengi wa Singida husafiri barabara ya Babati mara nyingi kwa mwaka. Mnakwenda Arusha, mnakwenda mnadani, mnakwenda msibani. Kila mara mlima uleule unajitokeza mbele ya basi, unakua, kisha unabaki nyuma. Ni Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari, volkano iliyozimika zamani. Upo wilaya ya Hanang mkoani Manyara, jirani zetu kabisa.

Wengi huamini kwamba kupanda mlima ni shughuli ya wageni wenye magari na mahema ya bei. Kwa Hanang si hivyo. Mji wa Katesh upo kwenye barabara kuu ya lami, chini ya mlima wenyewe. Anayeweza kulipa nauli ya basi na kutembea siku nzima anaweza kuupanda. Ila mlima huu unataka mpango, na hapa tunaeleza mpango huo hatua kwa hatua.

Chagua majira kwanza

Panga safari yako kati ya Juni na Oktoba, wakati wa kiangazi. Wakati huo njia ni kavu na anga huwa wazi, ingawa asubuhi na usiku kuna baridi kali.

Masika usiende. Hatusemi hivi kwa kuogopa matope ya viatu. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ililowa maji ikameguka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kwa hiyo sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka, na mvua ikitangazwa, ahirisha. Ukifika Katesh, kumbuka pia kwamba unaongea na watu waliofiwa. Usiwaulize habari za siku ile kama hadithi ya kujifurahisha.

Siku ya kwanza: safari na kibali

Panda basi la asubuhi Singida mjini linaloelekea Babati au Arusha, mwambie kondakta unateremka Katesh. Wanaotoka Manyoni, Ikungi au Itigi wafike kwanza Singida mjini, ikibidi walale, waunganishe kesho yake.

Hanang ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Hupandi kabla ya kujiandikisha na kulipa kiingilio. Beba kitambulisho cha taifa, maana Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni. Dai risiti ya serikali. Uliza hapohapo habari za mwongozaji na mkubaliane malipo yake kabla ya kuanza safari, mbele ya mtu wa tatu. Mwongozaji si anasa: njia za ng'ombe na za wakata kuni huingiliana na njia ya mlima, na ukungu ukishuka huoni hatua kumi mbele.

Tafuta nyumba ya kulala wageni, kula vizuri, lala mapema.

Siku ya pili: mlimani

Anzeni kabla ya saa 12 asubuhi. Kutoka Katesh hadi kileleni unapanda zaidi ya mita 1,500 kwenda juu, na kupanda na kushuka huweza kuchukua saa kumi au zaidi. Jua likizama mkiwa msituni, hatari inaanza.

Vitu vya kubeba ni vichache, lakini visikosekane:

- Maji, angalau lita nne kwa kila mtu. Usitegemee kuyapata njiani.
- Chakula kisichoharibika: chapati, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, na asali yetu ya Singida.
- Sweta na koti la mvua, hata kama chini kuna joto.
- Viatu vilivyofungwa, vyenye soli ya kushika. Ndala ziache mjini.
- Tochi, na simu yenye chaji. Izime mtandao ili betri idumu.

Sasa tuseme jambo ambalo sisi wenyewe tulijifunza kwa aibu. Mara ya kwanza tulichelewa kuanza, na kila mmoja alikuwa na lita moja na nusu ya maji. Tulipofika juu ya msitu tukaona kilele, tukashangilia. Tulipokifikia tukakuta si chenyewe. Mgongo wa mlima unaendelea, na kilele cha kweli kiko mbele zaidi. Ilikuwa saa 8 mchana, maji yamekwisha. Mmoja wetu alitaka tuendelee, "pamebaki padogo tu." Mwongozaji, mzee wa pale, akakaa juu ya jiwe akasema yeye anashuka. Tukashuka naye. Tulifika Katesh usiku, miguu ikitetemeka.

Tangu hapo tuna sharti: ikifika saa 7 mchana, popote tulipo, tunageuka. Kubalianeni sharti hilo jioni ya kuamkia safari, kabla tamaa haijaingia.

Mtu akiumwa kichwa sana, akatapika au kuyumba, hiyo ni dalili ya hewa nyembamba ya juu. Dawa yake ni kushuka mara moja, na asishuke peke yake.

Siku ya tatu: kurudi

Usipange kupanda basi jioni ileile ya kushuka. Lala Katesh, urudi asubuhi.

Kabla ya yote, mwachie ndugu mmoja nyumbani jina la mwongozaji, namba yake, na saa mnayotarajia kushuka. Mkishuka, mpigie. Msipopiga, atajua pa kuanzia kuuliza. Kwa dharura, Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114, na polisi kwa 112.

Safari nyingine basi litakapopita Katesh, mlima hautakuwa mgeni kwako tena.