Dirisha la Karakana: Sentensi Moja ya Kifarsi

Mtoto aliyekhitimu Msahafu akiwekewa ukurasa wa Kifarsi, herufi atazitambua karibu zote, lakini maana haitampata. Wazazi wengi hudhani lugha hiyo ni Kiarabu cha namna nyingine. Sivyo. Kifarsi kiliazima hati ya Kiarabu, kikaongeza herufi nne, pe, che, zhe na gaf. Ama sarufi yake ni ya ukoo mwingine, mmoja na Kihindi na lugha nyingi za Ulaya.

Tuitazame sentensi hii: Madaram dariche-ye karkhane ra baz kard. Yaani, mama yangu alifungua dirisha la karakana.

Maneno mawili tunayanasa bila mwalimu, nayo yote mawili ni ya kuungwa. Dar ni mlango; -iche hukidogosha kitu; dariche basi ni kilango, na ndiko lilikotoka dirisha letu. (Wairani wa leo dirisha la kawaida huliita panjare, dariche wameliachia kidirisha tu.) Kwa njia iyo hiyo darya, bahari, huzaa daryache, ziwa. Kar ni kazi, khane ni nyumba: karkhane, nyumba ya kazi. Jiko huitwa ashpazkhane, nyumba ya mpishi wa ash, ule mchuzi wao mzito. Hata kitabu, neno la Kiarabu, Kifarsi kimelijengea nyumba yake: ketabkhane, maktaba.

Madar ni mama, na -am, yangu, hugandishwa nyuma. Ile -ye hufanya kazi ya "la" yetu, ila Kifarsi hakina ngeli, hivyo mwanafunzi hasumbuki na la, ya wala cha. Ra huonyesha kitu mahususi kilichotendwa. Iliyo karibu nayo kwetu ni -li- ya pili katika "alilifungua". Baz kard ni "wazi alifanya", na vitenzi vya kuunganishwa hivi Kifarsi kinavyo tele. Kitenzi huja mwisho, kwa hiyo msikilizaji hana budi kungoja: lingekuja bast, dirisha lingekuwa limefungwa.

Sasa tuweke pedaram, baba yangu, mahali pa madaram. Baz kard haibadiliki. Aliyezoea fataha ya mwanamume na fatahat ya mwanamke katika Kiarabu atashangaa. Sisi wenye "alifungua" moja kwa mama na baba tutajiona tuko nyumbani.