Ngome ya Golconda: Mawe, Sauti na Maji

Magharibi ya mji wa Hyderabad, nchini India, kipo kilima cha mawe ya itale chenye kimo cha mita 120 hivi. Juu yake imejengwa ngome ya Golconda. Hapo kwanza lilikuwa boma la udongo la watawala wa Kakatiya. Baada ya mwaka 1518 wafalme wa ukoo wa Qutb Shahi waliijenga upya kwa mawe, wakaifanya makao yao makuu hadi Hyderabad ilipoasisiwa mwaka 1591.

Mfalme akaaye kilimani hukabiliwa na mashaka matatu: adui aweza kuvunja malango, habari za bondeni huchelewa kumfikia, na maji hayapandi mlima yenyewe.

Zama zile malango yalivunjwa kwa tembo wa vita. Kwa hiyo mbao za malango zilipigiliwa miiba ya chuma, na mbele ya lango la ngome ya ndani ukajengwa ukuta wa kukinga. Nguvu ya mgongano hutegemea uzito na kasi. Uzito wa tembo haupunguziki, bali akikosa nafasi ya kukimbia, kasi yake hupungua.

Ama habari, zilipelekwa kwa sauti. Kwa kawaida sauti hutawanyika pande zote, ikafifia. Lakini kuba la langoni huyarudisha mawimbi yake na kuyakusanya, kama kioo kilichopinda cha kurunzi kikusanyavyo mwanga. Mlinzi akipiga makofi chini yake, husikika kileleni.

Maji nayo yalipandishwa kwa magurudumu, kutoka birika hadi birika, mpaka juu. Kisha yaliteremka kwa uzito wake ndani ya mabomba ya udongo wa kuchoma, yakafika majumbani na bustanini.

Mwaka 1687 Aurangzeb, mtawala wa dola ya Mughal, aliizingira Golconda kwa miezi minane. Mizinga na baruti havikuiangusha. Hatimaye ofisa mmoja wa ngome alihongwa, akafungua lango usiku. Mfalme Abul Hasan alitekwa, na ufalme wake ukakoma.

Mwaka uo huo Isaac Newton alichapisha mjini London kitabu chake cha kanuni za mwendo. Waashi wa Golconda walikuwa wamekwisha kuzitumia kanuni hizo kwa mazoea ya kazi, kabla ya kuandikwa kwa hesabu. Kuta zao zilitimiza wajibu wake. Lakini kila lango, hata liwe imara namna gani, hutegemea uaminifu wa yule aliyekabidhiwa ufunguo.