The Cure wamerudi: ulipie CD, santuri au bando?

Mimi ni shabiki wa bendi ya The Cure tangu enzi za kaseti, kwa hiyo usitegemee hapa hakimu asiye na upande. Songs of a Lost World, albamu waliyoitoa tarehe 1 Novemba 2024 baada ya miaka 16 bila albamu mpya, kwangu ndiyo kazi yao bora tangu Disintegration ya 1989. Nyimbo ni nane tu, dakika 49. Shida ni kwamba dakika hizo 49 zimeletwa sokoni kwa sura nyingi mno: santuri moja nyeusi, santuri yenye rangi ya marumaru, santuri mbili zilizochongwa studio za Abbey Road, kaseti mbili, CD, kifurushi cha CD na Blu-ray, halafu faili za kupakua na programu za kusikilizia muziki mtandaoni. Shabiki mwenye mshahara wa kawaida atoe hela yake wapi?

Tuanzie kwenye muziki, maana ndio unaoamua. "Alone" inapofungua albamu, mwimbaji Robert Smith hafumbui kinywa mpaka dakika tatu zimeshapita. "Endsong", wimbo wa mwisho, unazidi dakika kumi, na unangoja zaidi ya dakika sita kabla ya neno la kwanza. Muda wote huo ni dramu za Jason Cooper zinazotembea polepole na kwa uzito, vinanda vya Roger O'Donnell vimetandaa kila upande, gita la Reeves Gabrels linalia juu ya vyote hivyo. Chini kabisa yuko Simon Gallup na besi yake. Kwenye "Drone:Nodrone" ameikwaruzisha mpaka inanguruma. "I Can Never Say Goodbye", wimbo ambao Smith aliutunga baada ya kufiwa na kaka yake Richard, unaanza na radi ya mbali, kisha kinanda kinarudia noti chache zilezile, kama mtu asiyejua aseme nini msibani. Sikiliza wimbo huo kwenye spika ya simu: radi inageuka mchakacho, besi haipo, na utabaki unajiuliza hawa wazee wanangoja nini kuimba.

Ndiyo maana nasema hela ya kwanza iende kwenye hedifoni nzuri za waya, au spika mbili zenye besi ya kweli. Mtu mwenye hedifoni nzuri na programu ya bei nafuu ataifaidi albamu hii kuliko mwenye santuri ya gharama anayoipigia kwenye kisanduku chenye spika za plastiki. Najua wapo watakaobisha. Wabishe.

Ukishayatengeneza masikio, piga hesabu ya bando. Muziki wa mtandaoni hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Ukiiweka Spotify kwenye 96, albamu nzima inakula takriban MB 35. Kwenye 160 ni karibu MB 60, na kwenye 320 karibu MB 120. Ukitaka ubora wa CD usiopunguzwa chochote, jiandae na zaidi ya mara mbili ya hapo kwa kila mzunguko. Kwa albamu iliyojaa sauti nzito zilizopangwa tabaka kwa tabaka, mimi sishuki chini ya 160. Kwenye 96 matoazi yanaanza kutoa sauti ya maji. Dawa ya gharama ya bando ni ya kawaida: ipakue mara moja ukiwa kwenye wifi, kisha isikilize bila bando. Kwa Spotify lazima uwe mlipaji ili upate nafasi hiyo. Toleo la bure nalikataa kabisa kwa albamu hii, kwa sababu tangazo la sabuni likiingia baada ya wimbo wa msiba, kazi yote ya Smith imeharibika.

Malipo ya mwezi je? Marekani, Spotify ilipanda hadi dola 11.99 mwezi Julai 2024, wakati Apple Music na Tidal zilikuwa dola 10.99, na hizo mbili zilikuwa zinatoa ubora kamili bila nyongeza. Afrika Mashariki Spotify ni nafuu zaidi ya hapo. Kama tayari unalipia, albamu hii haikuongezei hata senti. Kama hulipii, na unataka albamu hii tu, usijifunge na deni la kila mwezi. Nunua faili mara moja, au CD.

Na CD ndiyo chaguo langu. Uingereza CD mpya mara nyingi huuzwa kati ya pauni 10 na 15, sawa na mwezi mmoja tu wa programu. Unapata sauti kamili, dakika zote 49 bila kugeuza upande, na ukiihamishia kwenye kompyuta unakuwa na faili zako ambazo hakuna kampuni itakayokuja kuzifuta. Haina sifa mbele ya wageni, hilo nakubali.

Santuri ni hadithi nyingine, na hapa mnunuzi awe macho. Dakika 49 kwenye sahani moja ni karibu dakika 25 kila upande. Upande ukirefuka hivyo, mifereji hubanwa, sauti hupunguzwa nguvu, na besi ndiyo hukatwa kwanza. Yaani kile hasa unachokilipia kwenye albamu hii. Toleo la santuri mbili lilichongwa na Miles Showell wa Abbey Road kwa nusu mwendo: mashine ya kuchonga ilizungushwa polepole ili sindano ipate muda wa kuchora kila kitu. Nyimbo zimegawanywa pande nne, mifereji ina nafasi ya kupumua. Ukiwa na mashine ya maana, lipia hiyo na uiache ile ya sahani moja, hata kama ile ya marumaru inavutia kwa macho. Kama unaiagiza ije huku, ongeza posta, ambayo inaweza kukaribia bei ya santuri yenyewe, kisha VAT ya asilimia 18 Tanzania Bara au 16 Kenya, na hapo ushuru wa forodha bado.

Blu-ray yenye mchanganyiko wa Dolby Atmos, yaani sauti inayokuzunguka, ni ya mwenye spika nyingi sebuleni. Kaseti ni kumbukumbu tu.

Haya matoleo mengi yananikera zaidi kwa sababu bendi hii imepigania mfuko wa shabiki kuliko nyingi. Kwenye ziara ya Marekani ya 2023 walikataa bei za tiketi zinazopanda kulingana na wingi wa wanunuzi. Ada za muuzaji zilipozidi bei ya baadhi ya tiketi za dola 20, Smith alilalamika hadharani mpaka kampuni hiyo ya tiketi, Ticketmaster, ikakubali kurudisha dola 10 kwa wenye tiketi za bei ya chini na dola 5 kwa wengine. Siku albamu ilipotoka walipiga onyesho la nyimbo 31 ukumbi wa Troxy, London, likarushwa bure YouTube. Baadaye zikaja nyimbo nane zilezile zilizorekodiwa jukwaani humo, na mwaka 2025 albamu ya kuzichanganya upya, mapato ya bendi yakielekezwa War Child, shirika linalosaidia watoto walio kwenye vita. Ukibakiwa na akiba na roho ya kutoa, nunua ile ya Troxy kabla ya kununua sura ya pili ya albamu uliyonayo tayari.